Mshahara, bei za vitu na mfumuko wa bei: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Mei Mosi ikikaribia maswali ni yale yale, na ikipita yanarudi tena kwa hasira zaidi. Mifano mingi hapa ni ya Tanzania, ila Kenya, Uganda na Kongo nao wamo pale wanapohusika. Kama swali lako limeshajibiwa sehemu nyingine ya ukurasa nitakuelekeza huko, sirudii.

## Mambo ya msingi

Mfumuko wa bei ni nini hasa, si ni vitu kupanda bei tu?

Karibu, ila sio kitu kimoja kupanda. Nyanya zikipanda kwa sababu mvua imeharibu mashamba alafu baada ya miezi miwili zikashuka, hiyo ni bei ya nyanya tu. Mfumuko ni pale vitu vingi kwa pamoja, chakula, nauli, kodi ya nyumba, sabuni, ada, vinapanda na vinaendelea kupanda, yaani hela yenyewe ndo inapungua nguvu ya kununua.

Tanzania imepita hali tofauti sana kwenye hili. Miaka ya 80 mfumuko ulikuwa kama asilimia 30 kwa mwaka, na sio mwaka mmoja, karibu muongo mzima. Desemba 2011 ulifika asilimia 19.8. Mwaka 2024 wastani ulikuwa asilimia 3.1. Kwa spidi ya asilimia 30 bei zinakuwa mara mbili ndani ya miaka isiyofika mitatu, kwa asilimia 3 inachukua zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo hizi namba zinazotajwa kwenye taarifa ya habari zina uzito wake.

Wanatangaza mfumuko umeshuka, mbona dukani kwa Mangi hakuna kilichoshuka?

Kwa sababu mfumuko kushuka sio bei kushuka. Sukari ikitoka 3,000 kwenda 3,300 ndani ya mwaka, imepanda asilimia 10. Mwaka unaofuata ikienda 3,400 imepanda asilimia 3 tu, sasa hapo mtangazaji atasema mfumuko umeshuka kutoka 10 hadi 3 na atakuwa amesema kweli, ila wewe mfukoni umetoa 3,400 ambayo ni kubwa kuliko zote za nyuma. Bei iliyopanda mara nyingi haishuki tena, inachopungua ni kasi ya kupanda. Ndo maana dawa ya anayelia maisha magumu sio kumwambia mfumuko umeshuka, dawa ni kipato chake kifike pale bei zilipokwishafika.

Hiyo asilimia 3 inatoka wapi, maana mimi kwangu naiona kama 10?

Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) inakusanya bei kila mwezi mikoani, inaweka vitu kwenye kapu moja, na kila kitu kinapewa uzito kulingana na kaya za Tanzania zinavyotumia hela kwa wastani. Alafu wanalinganisha na mwezi kama huo mwaka jana, sio mwezi uliopita. Kwenye kapu la sasa, linalotumia mwaka 2020 kama msingi, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa asilimia 28.2. Kapu la kabla yake chakula kilikuwa na asilimia 38.5.

Hapo ndipo tatizo lilipo kwa mtu wa kipato cha chini. Chukua nyumba ambayo katika kila shilingi 100 wanakula 60, na nyumba kama hizo ni nyingi tu. Chakula kikipanda asilimia 10 na vingine vyote vikapanda asilimia 1, mfumuko wa kapu la taifa utasoma kama 3.5, ila mfumuko wa nyumba ile ni 6.4. Hakuna aliyedanganya. Ni wastani wa nchi, na wewe sio wastani. Kwa hiyo mtu akikwambia unalalamika bure kwa sababu takwimu zinasema 3.5, muulize anatumia kiasi gani cha mshahara wake kwenye unga na mafuta ya kula.

Mshahara halisi ni kitu gani?

Ni mshahara wako ukipimwa kwa vitu unavyonunua, sio kwa namba iliyoandikwa kwenye salary slip. Ukiongezwa asilimia 5 na bei zimepanda asilimia 5, hujaongezwa kitu. Ukiongezwa asilimia 5 na bei zimepanda 8, umepunguzwa mshahara, hata kama bosi amekupa barua ya pongezi. Na usipoongezwa kabisa kwa miaka kadhaa unakuwa unakatwa mshahara kidogo kidogo kila mwezi bila barua yoyote, na hii ndo imewaumiza watumishi wengi kuliko kitu kingine. Hesabu yenyewe iko kwenye swali la asilimia 23.3 huko chini.

## Mshahara na bei: nani anamfuata nani

Serikali ikiongeza mishahara, si bei nazo zitapanda tu, sasa faida iko wapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote na wengi wanalijibu kwa mkato kwamba ndio, zitapanda, kwa hiyo bora tusiongezwe. Naomba tulitazame taratibu kwa sababu jibu hilo limetumika miaka mingi kuwanyamazisha watu wenye madai ya haki kabisa.

Mshahara unaweza kusukuma bei kwa njia mbili. Ya kwanza ni gharama, mwajiri akilipa zaidi anaweza kuhamishia kwenye bei ya bidhaa. Ya pili ni manunuzi, watu wakiwa na hela zaidi wananunua zaidi na kama bidhaa haziongezeki bei inapanda. Zote mbili zipo kweli. Ila angalia ukubwa wake. Tuseme kiwanda fulani katika kila shilingi 100 ya gharama, 15 ndo mishahara, zilizobaki ni malighafi, umeme, mafuta, kodi, riba. Mishahara ikipanda asilimia 20, gharama yote inapanda asilimia 3. Yaani mwenye kiwanda akihamishia yote kwa mteja, bei inapanda 3 na mfanyakazi wake amepanda 20. Sasa anayesema nyongeza yote inaliwa na bei, hesabu yake ameitoa wapi?

Alafu kwetu wanaolipwa mshahara rasmi ni sehemu ndogo ya wafanyao kazi wote. Walio wengi ni wakulima, wafugaji, machinga, bodaboda, mama lishe. Kima cha chini cha serikali kikipanda, mahindi ya Rukwa hayajui. Mwangalie mwaka 2022 wenyewe, Julai kima cha chini kimepanda kwa asilimia 23.3, mfumuko wa mwaka ule ukaishia wastani wa 4.3, na mwaka uliofuata 3.8. Kama mishahara ingekuwa inaburuta bei kama watu wanavyodai, 2023 ndo ingekuwa balaa.

Hii haina maana kwamba unaweza kuongeza kiasi chochote. Ukiongeza mishahara mara tatu kwa usiku mmoja bila bidhaa kuongezeka, au ukaongeza kwa hela ya kuchapisha, utapata mfumuko wa kweli (soma swali la kuchapisha hela). Ninachosema ni kwamba nyongeza ya kawaida, inayolipwa kwa mapato ya kweli, mara nyingi inakuja kufidia bei ambazo zilishapanda. Mshahara ndo unaifuata bei, tena kwa kuchelewa.

Mbona basi mwenye nyumba anapandisha kodi akisikia tu mishahara imetangazwa?

Kweli inatokea, na kwa mpangaji inauma kuliko takwimu yoyote. Rais anatangaza Mei, hela inaanza kuonekana Julai, mwenye nyumba ameshapandisha Juni na anataka miezi sita kwa mkupuo. Hapo kinachofanya kazi ni matarajio. Mtu anapandisha leo kwa sababu anaamini wengine watapandisha kesho au kwa sababu anajua unayo.

Ila angalia ni wapi inawezekana. Inawezekana zaidi pale mteja hana pa kukimbilia, mfano vyumba karibu na ofisi nyingi au karibu na hospitali ya mkoa ambako wapangaji karibu wote ni watumishi. Mwenye duka la nguo Kariakoo hawezi kufanya hivyo kirahisi kwa sababu jirani yake atabaki na bei ya zamani na atamnyang'anya wateja. Kwa hiyo tatizo la kodi za nyumba ni uhaba wa nyumba na mpangaji kukosa nguvu, dawa yake ni kujenga na kuwa na utaratibu wa mikataba, sio kumnyima mwalimu nyongeza.

Sasa kama sio mishahara, bei zetu zinapandishwa na nini?

Kikubwa ni chakula, mafuta na dola.

Chakula kinategemea mvua, na hata nchi jirani wakiwa na njaa mahindi yetu yanavuka mpaka na bei inapanda hapa. Ukame wa 2022 uligusa Afrika Mashariki yote, Kenya mfumuko ukafika asilimia 9.6 Oktoba 2022 na unga wa kilo mbili ukapita shilingi 200 zao.

Mafuta yanaingia kwenye kila kitu. Baada ya vita ya Ukraine kuanza Februari 2022 petroli Dar ilipita shilingi 3,000 kwa lita, serikali ikaanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Mafuta yakipanda, fuso inayoleta viazi kutoka Njombe inapandisha, na daladala nao wanadai. Desemba 2023 LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, ikapandisha nauli ya chini ya daladala kutoka 500 kwenda 600, hiyo ni asilimia 20 kwa mtu anayepanda kila siku kwenda na kurudi, na hakuna mwajiri aliyempigia simu.

Dola nayo, mwaka 2022 ilikuwa kama shilingi 2,300, nusu ya pili ya 2024 ikapita 2,700. Dawa, ngano, vipuri, simu, mbolea, vyote vinanunuliwa kwa dola. Hakuna hata kimoja kati ya hivi vitatu kinachotokana na mshahara wa nesi wa Singida.

Lakini wachumi wanasema kuna mzunguko, mishahara inapandisha bei, bei zinapandisha mishahara. Uliwahi kutokea?

Umetokea, na mfano unaotajwa sana ni Uingereza miaka ya 70. Mafuta ya dunia yalipanda karibu mara nne kati ya mwisho wa 1973 na mwanzo wa 1974. Serikali ya Edward Heath ilikuwa imeweka utaratibu kwamba bei zikipanda zaidi ya asilimia 7, kila asilimia moja ya ziada mfanyakazi anaongezwa peni 40 kwa wiki. Walidhani haitafika huko. Ikafika, na nyongeza ikajirudia mara 11 ndani ya 1974. Waajiri wakapandisha bei kufidia, bei zikaleta madai mapya, mwaka 1975 mfumuko ukafika asilimia 24.

Ila ona masharti yaliyokuwepo. Karibu nusu ya wafanyakazi wote walikuwa kwenye vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu ya kusimamisha nchi, nyongeza zilifungwa moja kwa moja na bei, na riba ilikuwa chini ya mfumuko kwa muda mrefu. Na bado kilichowasha moto kilikuwa mafuta. Watafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) walipitia nchi zilizoendelea tangu miaka ya 60 wakakuta vipindi 79 ambavyo bei na mishahara vilipanda pamoja, na vichache tu ndo viligeuka kuwa mzunguko wa kuendelea, kwingi mambo yalitulia. Kwa nchi ambayo vyama vyake vinasubiri tangazo la Mei Mosi, kuogopa mzunguko wa namna ile ni kuogopa kitu ambacho miguu yake haipo.

Na faida za makampuni mbona hazitajwi?

Zinastahili kutajwa. Bei ya kitu ina mishahara, malighafi, kodi na faida, na ni ajabu kwamba kila bei ikipanda macho yanaenda kwenye mshahara kwanza. IMF walipochambua mfumuko wa Ulaya wa 2022 walikuta faida za makampuni zilichangia karibu nusu ya ongezeko la bei, asilimia 45, na mishahara ilikuja nyuma. Kwetu pia, sukari ikiadimika anayenufaika ni aliyeishika, sio mbebaji wa godauni.

## Serikali na Benki Kuu

Kwa nini serikali isichapishe hela ikalipa watu vizuri?

Kongo ilipokuwa inaitwa Zaire walifanya hivyo na kila mtu mzima wa Kinshasa anakumbuka. Serikali ya Mobutu ilikuwa haina mapato, ikawa inachapisha kulipa askari na watumishi. Mwanzoni mwa 1993 ikatoka noti ya zaire milioni 5. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi akatangaza kwamba sio hela halali, wafanyabiashara wakaikataa, na askari waliokuwa wamelipwa kwa noti hizo wakafika sokoni wakakuta mshahara wao ni karatasi. Wakaasi, Kinshasa ikaporwa na watu wengi wakafa, akiwemo balozi wa Ufaransa. Oktoba mwaka ule ikaletwa hela mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na Kasai wakaigomea wakaendelea na za zamani kwa sababu walau zile hazikuwa zinachapishwa tena.

Namba ya mshahara ilikuwa inapanda kila siku na mshahara halisi ulikuwa unakufa. Hela haiongezi gunia hata moja la mahindi, inaongeza tu watu wanaolishindania.

Basi serikali ipange bei za vitu, si tutakuwa salama?

Tulishajaribu. Tume ya Bei iliundwa 1973 na ikapanga bei za bidhaa nyingi mno. Kwenye karatasi sukari, sabuni, khanga, vyote vilikuwa na bei nafuu. Ila bei ilipokuwa chini ya gharama, viwanda vilizalisha kidogo na mwenye mzigo aliuficha, watu wakapanga foleni kwenye duka la kaya tangu alfajiri, na mlango wa nyuma bei ikawa mara kadhaa. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi chini ya Sokoine, nia ilikuwa njema na wananchi wengi waliishangilia, ila bidhaa zikazidi kupotea kwa sababu shida ilikuwa uzalishaji na uhaba wa fedha za kigeni. Zilianza kurudi madukani 1984 waliporuhusiwa wenye fedha zao za kigeni kuagiza bila kuulizwa wamezipata wapi, na zaidi baada ya Mzee Mwinyi kufungua biashara.

Hata juzi, mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilisimamisha mashamba ya miwa, Bodi ya Sukari ikatoa bei elekezi, na watu wakaendelea kununua kwa zaidi ya hiyo kwa sababu sukari haikuwepo. Kenya Julai 2022 walitangaza unga wa ruzuku kilo mbili shilingi 100, ukadumu wiki chache na wengi hawakuuona dukani. Bei ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, kwenye mafuta ni kitu tofauti, ile inahesabiwa kutoka bei ya dunia na gharama halisi, kwa hiyo mzigo unaendelea kuja.

Benki Kuu ikipandisha riba mimi wa mshahara inanisaidia nini?

Kidogo, na kwa kuzunguka. Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilianza kutumia riba yake kama chombo kikuu Januari 2024, ikaanza na asilimia 5.5, Aprili ikaenda 6, Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Riba ikipanda mikopo inakuwa ghali, watu wanakopa na kununua kidogo, bei zinapoa, shilingi inashikilia. Haileti mvua na haishushi petroli ya dunia. Faida yake kwako ni kwamba wafanyabiashara wakiamini Benki Kuu italinda shilingi hawapandishi bei kwa hofu.

Hela nayo inaweza kukazwa mno. Wanaokumbuka miaka ya 2016 na 2017, kipindi cha vyuma vimekaza, wanajua kwamba mfumuko unaweza kuwa mdogo na mfuko ukawa mtupu vilevile.

Kwa nini mshahara usipande wenyewe kila mwaka kufuata mfumuko?

Ubelgiji wanafanya hivyo kisheria, Januari 2023 wafanyakazi wengi wa ofisini sekta binafsi waliongezwa asilimia 11.08 kwa siku moja bila mgomo wowote. Italia walikuwa nao wakaufuta 1992. Hofu yake ni ule mzunguko wa Uingereza niliouelezea juu, mshtuko mmoja wa mafuta unajirudia kwenye kila mshahara. Uzuri wake ni kwamba mtu haozi miaka saba akisubiri huruma. Mimi naona kwa nchi yenye mfumuko wa asilimia 3 hadi 5, kama ilivyo Tanzania sasa, nyongeza ndogo ya uhakika kila Julai ni salama kuliko kukaa kimya miaka mingi alafu kutoa kubwa kwa kishindo, maana hicho kishindo ndo kinampa mwenye nyumba sababu.

## Hesabu ya mfukoni

Ile asilimia 23.3 ya 2022 ilikuwa nyongeza kweli?

Kima cha chini serikalini kilikuwa 300,000 tangu 2015 na kikakaa hapo hapo hadi Julai 2022 kilipokuwa 370,000. Katika miaka ile saba bei zilipanda wastani wa kama asilimia 4 kwa mwaka. Ukizidisha mwaka juu ya mwaka kwa miaka saba unapata bei zimepanda kama asilimia 32. Kwa hiyo ili mtu awe na nguvu ile ile ya 2015 alihitaji kama 395,000. Alipewa 370,000. Yaani ile iliyoitwa nyongeza kubwa ilikuwa haijamrudisha hata alipokuwa, na kwa miaka yote ya katikati alikuwa amepoteza bila kufidiwa.

Na hiyo ni kwa wa kima cha chini. Watumishi wengi walidhani 23.3 ni ya kila mtu, Julai walipofungua salary slip wakakuta ongezeko dogo sana, kwa sababu asilimia ilikuwa inapungua kadri mshahara unavyokuwa mkubwa. Hasira ya mwaka ule ilikuwa na msingi.

Ya 2025, kutoka 370,000 kwenda 500,000, ni asilimia 35.1, na hii ndo ilivuka. Nguvu ya 300,000 ya 2015 ilikuwa imefika kama 440,000, kwa hiyo mtu wa kima cha chini alibaki na ongezeko halisi la kama asilimia 14 kwa miaka kumi. Ni ongezeko la kweli, tusilibeze, ila ligawanye kwa miaka kumi uone.

Nimeongezwa lakini mkononi mbona haifanani?

Kodi ya PAYE, ile inayokatwa kwenye mshahara, inaanza juu ya 270,000 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa 2020, na bei zikipanda kiwango hicho hakipandi nazo. Mwenye 370,000 akitoa mfuko wa hifadhi asilimia 5 alikuwa anakatwa PAYE 6,520, akifika 500,000 anakatwa 16,400. Mshahara umepanda asilimia 35, kodi imepanda mara mbili na nusu. Anayevuka 520,000 ya kutozwa kodi anaingia kwenye asilimia 20, na juu ya milioni ni 30. Kwa hiyo hata nyongeza iliyofidia mfumuko tu, ambayo kwa hali halisi sio nyongeza, inakatwa kama umetajirika. Kama una deni la bodi ya mikopo, ile asilimia 15 ya mshahara nayo inakua pamoja na mshahara.

Niko sekta binafsi, bosi analazimika kuniongeza bei zikipanda?

Kisheria analazimika asishuke chini ya kima cha chini cha sekta yenu kinachotangazwa kwenye amri ya mishahara. Juu ya hapo ni makubaliano, na silaha yako ni mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, kama mna chama kazini. Amri hizi zenyewe zinachelewa mno. Dada wa kazi anayelala kwa mwajiri alipangiwa 40,000 mwaka 2013, amri iliyofuata ilianza Januari 2023 ikampa 60,000. Ni asilimia 50, ila bei nazo katika miaka hiyo karibu kumi zilipanda kama hivyo hivyo, kwa hiyo sheria haikumuongeza kitu, ilimrudisha tu. Na wapo wengi ambao hata hiyo hawaipati.

Ukienda kuongea na bosi usiende na maisha magumu peke yake. Chukua mshahara wako wa siku ulipoongezwa mara ya mwisho, zidisha na mfumuko wa kila mwaka uliofuata kutoka takwimu za NBS, mwonyeshe namba. Anaweza kukataa, ila hawezi kusema unabahatisha.

Mimi ni mama lishe, sina mshahara, haya yananihusu?

Yanakuhusu sana. Mshahara wako ni kinachobaki baada ya kununua mchele, mkaa, mafuta. Wateja wako wakiwa na mishahara iliyodumaa huwezi kupandisha sahani kutoka 2,000 kwenda 2,500, watahama, kwa hiyo unapunguza nyama na kipato chako kinaliwa katikati. Ndo maana nyongeza ya wafanyakazi wa kiwanda jirani ni habari njema kwako pia.

## Hali zisizo za kawaida

Bei zikishuka kabisa si ndo raha?

Zikishuka kwa sababu mavuno yamekuwa mazuri, raha kwa mlaji, ila muulize mkulima wa Songea mahindi yakianguka bei. Zikishuka zote kwa muda mrefu, biashara zinapunguza watu, na deni lako linabaki namba ile ile wakati kipato kimepungua.

Mfumuko unamsaidia mwenye mkopo?

Kama riba yako haibadiliki na mshahara wako unapanda na bei, ndio, rejesho la 150,000 linakuwa jepesi kila mwaka. Kama mshahara umesimama hakuna msaada wowote, rejesho lile lile linagombana na unga uliopanda.

Na mstaafu?

Huyu ndo anaumia kimya. Pensheni ikiwa namba isiyobadilika, kwa mfumuko wa asilimia 5 baada ya miaka 14 imebaki nusu ya nguvu yake, na mtu akistaafu na miaka 60 hiyo ni 74, umri ambao dawa zinaanza kuwa nyingi. Hana chama cha kugoma wala bosi wa kumwendea, kwa hiyo mkidai mishahara mtajeni na yeye.

Kima cha chini kikiachwa kabisa bila kuguswa inakuwaje?

Iangalie Uganda. Kiliwekwa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Ukapita mfumuko wa zaidi ya asilimia 200 mwaka 1987, mwaka huo huo hela ikabadilishwa kwa kufuta sifuri mbili, ukapita na wa asilimia 30 mwaka 2011, na namba ya kisheria ikabaki 6,000. Bunge lilipitisha muswada mpya 2019, Museveni akakataa kuusaini. Sheria ipo, kima kipo, na leo 6,000 ya Uganda haifiki dola mbili, kwa hiyo mwajiri anayelipa chochote kile anakuwa ametii sheria.